Itigi hadi Makiungu: na mjomba kwenye hospitali mbili za misheni

Jumatatu, Dodoma hadi Itigi

Gari lilikuwa la saa kumi na mbili, lakini saa kumi alfajiri mjomba alikuwa ameshavaa koti, kofia na viatu, amekaa sebuleni na ule mkoba wake wa ngozi wa enzi za reli. Ndani mna daftari la kliniki, cheti cha kuruhusiwa, picha za ultrasaundi na bahasha ya majibu ya damu. Mkoba huo haushikwi na mtu mwingine. Mwezi wa nne alipasuliwa tezi dume Itigi, katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, akatembea na mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, na sasa anarudi kuangaliwa. Tukimaliza huko tunapitiliza hadi kwao Mungaa, wilaya ya Ikungi, ambako ndiko kwa marehemu mama yangu pia.

Kabla ya safari majirani walinichosha kwa swali moja: mnaacha Dodoma yenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, mnaenda kutibiwa porini? Nikamfikishia mwenyewe. Akaniangalia kama anavyomwangalia kondakta asiyekuwa na chenji. "Porini kwako wewe, mpwa. Mimi nimekaa Itigi kabla hujaanza shule."

Na kweli alikaa. Alikuwa mfanyakazi wa reli, na miaka ya 70 na 80 alipangiwa stesheni za kati: Manyoni, Itigi, Tura. Ndiyo maana nilikubali kumsindikiza mimi badala ya kumwachia dada. Nilitaka kuijua hospitali hii kutoka kwa mtu aliyekuwepo ikiwa bado haipo.

Dodoma ukimtaja Gaspar, mtu anafikiria semina. Tuna hoteli na ukumbi wa mikutano wenye jina hilo, na nadhani nusu ya watumishi wa umma wamewahi kunywa chai ya saa nne pale wakisubiri posho. Wachache wanajua kwamba Gaspar wa ukumbini ndiye Gaspar wa wodini: Gaspar del Bufalo, padre wa Roma aliyezaliwa mwaka 1786 na kuanzisha shirika la Wamisionari wa Damu Azizi tarehe 15 Agosti 1815. Mwaka 1810, Napoleon akiwa ameshaiteka Roma, mapadre walitakiwa kuapa kumtii. Gaspar, kijana wa miaka 24, akajibu kwamba hawezi, hapaswi, na hataki. Akafukuzwa mjini, akaishia magerezani, na miaka kama minne ikapita hivyo. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1954. Mjomba si mtu wa misa ya kila siku, ila habari hiyo niliyomsomea kwenye simu tukiwa Kigwe aliipenda. "Mtu mbishi kama huyo," akasema, "ukitaka kujenga kitu Itigi ndiye unayemhitaji."

Bahi tuliipita jua likianza kupata nguvu. Majaruba ya mpunga yamekauka, ng'ombe wamo ndani wanamalizia mabua. Kuanzia Kintinku unauona ukuta wa Bonde la Ufa umesimama mbele yako, na basi likaanza kupumua kwa shida. Mjomba aliamka hapo hapo. Wajerumani walianza reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa maelezo yake hakuna mahali dereva wa treni alipomkumbuka Mungu kama kwenye mlima huu wa Saranda, hasa akiwa na mabehewa ya mizigo na mvua imenyesha. Juu ya ukingo, pembeni ya njia yetu, ipo Kilimatinde. Hapo palikuwa na boma la Wajerumani, na kabla ya boma ilikuwa njia ya misafara. Waanglikana wana hospitali yao hapo, ya Mtakatifu Yohana, kama walivyo na Mvumi huko Ugogoni. Ukichora ramani ya hospitali za makanisa katikati ya nchi, kwa kiasi kikubwa unakuwa umechora pale ambapo njia za zamani zilipita na serikali ikachelewa.

Tulipita Sukamahela, penye makazi ya wazee na wasiojiweza, tukaingia Manyoni. Chai na chapati, basi. Kutoka hapo kwenda Itigi ni kilometa kama 40 za lami, na mjomba hakuacha kuisifu lami hiyo kana kwamba aliimwaga yeye. Miti mirefu inapungua, vinaanza vichaka vya Itigi vyenyewe. Watu wa mimea wanavijua duniani kote. Ni msitu mfupi, uliosongamana, unaopatikana hapa katikati ya Tanzania na tena sehemu ndogo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru upande wa Zambia. Mwezi wa saba hauna jani. Matawi ya kijivu yamefumana hivi kwamba mbwa akiingia anatoka na manyoya pungufu. Ng'ombe akipotelea humo unasubiri atoke mwenyewe.

Tulipanga chumba mtaa wa karibu na hospitali. Usiku Itigi ina baridi ambayo sisi wa Dodoma tunaojisifia upepo hatukuitarajia.

Jumanne, kliniki

Saa moja tulikuwa kwenye benchi. Ukitaka kujua hospitali inahudumia nani usisome bango la getini, angalia miguu ya watu kwenye foleni. Kulikuwa na kandambili, viatu vya matairi ya gari, buti za mvua bila mvua, na mzee mmoja wa Kitaturu aliyejifunga rubega na kuegemea fimbo, hajavaa chochote miguuni. Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu, Wanyamwezi, Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa ametoka upande wa Rungwa, kusini kabisa, na safari yake ilikuwa ndefu kuliko yetu: pikipiki usiku, kisha lori, kisha pikipiki tena. Amemleta mkwe wake.

Mjomba aliambiwa anywe maji mengi kwa ajili ya ultrasaundi, kibofu kijae ndipo picha ionekane. Akanywa chupa kubwa nzima kwa bidii ya mfanyakazi wa reli anayetii maagizo. Wenzake watatu walikuwa mbele yake. Ilipofika zamu ya wa pili mjomba alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, macho ameyaelekeza juu kwenye feni. Nikamuuliza kama aende tu. "Nyamaza," akasema bila kugeuza shingo. Alipoitwa alikwenda kwa hatua fupi fupi, na alipotoka kule ndani hakumtazama mtu, alielekea chooni moja kwa moja. Aliporudi uso ulikuwa umelainika. Akasema miezi minne iliyopita angesimama pale chooni nusu saa, na leo imekuwa kama bomba la manispaa siku yenye maji.

Daktari alikuwa kijana. Akamsalimia shikamoo kwanza, akakaa, ndipo akafungua daftari. "Mzee, usiku unaamka mara ngapi?" Mjomba akanitazama mimi. "Mpwa, nenda kanunue vocha." Nikatoka. Kuna majibu ambayo mtoto wa dada hapaswi kuyasikia.

Wakati nikisubiri nje nilipishana na sista mmoja wa makamo. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, umetoka wapi, umemleta nani. Alikuwa na haraka lakini alisimama. Nikamwambia mjomba wangu aliishi hapa kabla ya hospitali. Akacheka, akasema basi huyo ndiye wa kunieleza, yeye amezaliwa imeshajengwa.

Historia yenyewe haina mizunguko mingi. Wamisionari wa Damu Azizi kutoka Italia walifika nchini mwaka 1966, wakafanya kazi upande huu wa Manyoni. Masista Waabuduo Damu ya Kristo, shirika la dada zao lililoanzishwa na Maria De Mattias mwaka 1834, nao wakaja. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ilifunguliwa mwaka 1989. Leo ni hospitali ya rufaa, na pana chuo cha afya kinachofundisha vijana hapo hapo Itigi. Walikuwa wanapita kwa makundi asubuhi hiyo, sare zimepigwa pasi, wengine wanakimbia kwa kuchelewa kama wanafunzi wa popote.

Tarehe hiyo ya 1989 inasema zaidi ya inavyoonekana. Ilikuwa miaka ambayo hospitali za nchi hii zilikuwa zinaishiwa. Baada ya vita ya Kagera na kuanguka kwa uchumi, ulikuwa unakwenda na glovu zako, na bandeji yako, wakati mwingine na mafuta ya taa. Sheria ya 1977 ilikuwa imezuia hospitali binafsi za kibiashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya kujitolea, yaani kwa sehemu kubwa makanisa. Kufungua hospitali nzima wakati huo, tena si Dodoma wala Tabora bali kwenye stesheni iliyozungukwa na kichaka, kulihitaji ubishi ule ule wa mwaka 1810.

Jioni mjomba, akiwa ameshapata nafuu ya moyo, alinieleza hali ilivyokuwa kabla. Mgonjwa mzito pale Itigi alikuwa anaisubiri treni. Treni ya abiria haikuwa ya kila siku, kwa hiyo mama mwenye uzazi pingamizi alipakiwa hata kwenye treni ya mizigo, behewa la breki analokaa gadi, kwenye godoro juu ya sakafu ya mbao, kupelekwa Dodoma au Tabora, kutegemea treni ipi imetangulia. Mjomba alishika taa. Gadi hakuwa mkunga, alikuwa mtu mwenye bendera mbili na filimbi. "Wengine walijifungua kabla ya Manyoni," akasema. "Wengine tuliwashusha Manyoni." Hakuongeza neno, akaomba chumvi.

Jumatano, Itigi

Majibu ya damu yalitakiwa kutoka mchana, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yetu. Mjomba akanipeleka stesheni, akanionyesha nyumba aliyokaa, au mahali alipodhani ilikuwepo. Akabishana na kijana wa bodaboda kuhusu ulipokuwa mwembe fulani. Nikawaacha.

Nilirudi kukaa na ndugu wa wagonjwa. Kwenye hospitali yoyote ya shamba hapo ndipo penye habari, pale wanapopika na kufua. Masufuria meusi, kuni, khanga zimeanikwa juu ya michongoma. Yule mama wa Rungwa alikuwa anakoroga uji. Mkwe wake amejifungua kwa upasuaji usiku, mtoto wa kiume. Nikampa pongezi, akashukuru, kisha tukaingia kwenye hesabu, maana kila mazungumzo hapo hatimaye yanafika kwenye hesabu. Wameuza mbuzi, shemeji yake anatuma nyingine kwa simu, asali haijafika sokoni. Nikamuuliza mbona asingeenda kituo cha afya cha karibu. Akasema walianzia huko, na huko ndiko walikoandikiwa waje. Halafu akasema kitu nikakiandika kwenye simu palepale: "Huku ukifika usiku unamkuta mtu."

Hapo ndipo nilipoona naanza kupata jibu la majirani zangu. Mashine ziko Dodoma pia, kubwa zaidi. Ila hospitali ya misheni ya aina hii ilijengwa na nyumba za wafanyakazi ndani ya eneo lake, na umeme wake, na maji yake, kwa sababu nje ya ukuta hakukuwa na pa kupanga wala pa kuchota. Daktari na muuguzi wanalala hatua chache kutoka wodini. Kilichoanza kama shida kimekuwa ndio nguvu yake. Mjini daktari anatoka kazini, anapanda daladala, na akishafika Nkuhungu kumrudisha usiku ni kazi nyingine.

Lakini kumkuta mtu usiku kunagharimu. Zamani sehemu kubwa ya gharama hiyo ilitoka Italia: parokia fulani ilichangisha, daktari akatumia likizo yake kuja kupasua bure, kontena likafika na vitanda. Madaktari wa kujitolea wa Kiitalia bado ni sura ya kawaida katika historia ya hospitali hii. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa yalileta Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na chini ya ubia huo serikali hutoa ruzuku na kuazima watumishi kwenye hospitali za makanisa. Mwaka uliofuata uchangiaji wa gharama ukaanza hata kwenye hospitali za serikali, na lile wazo kwamba matibabu ni bure likaanza kuondoka vichwani. Kisha bima: Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ule wa taifa ukaanza kufanya kazi 2001, na sasa tuna sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mfugaji wa Rungwa bado anauza mbuzi.

Nitasema langu hapa, na anayetaka kununa anune. Sisi waumini wa mjini tunachangia harusi hadi tunakopa. Kadi ya mtu mmoja, ya watu wawili, sare, sendoff, kitchen party, na kamati inapiga simu saa tatu usiku kukumbusha ahadi. Hospitali ya misheni ikitajwa tunasema, aa, wale wana wazungu wao. Wazungu wenyewe wamezeeka. Parokia za Italia zilizokuwa zinatuma mapadre huku leo zinapokea mapadre kutoka kwetu. Mmisionari wa sasa pale Itigi ni Mtanzania mwenye mshahara au nadhiri, na mfadhili wa sasa inabidi awe Mtanzania pia, maana dawa hazinunuliwi kwa sifa. Nimeona kule getini watu wakilaumu bei, na baadhi ya lawama ni za haki kabisa, ila sijawahi kuona kamati ya harusi ikitenga hata asilimia moja kwa ajili ya wodi ya wazazi, ambako maharusi hao hao watakuwa ndani ya mwaka.

Saa nane majibu yakatoka. Mazuri. Arudi mwezi wa kumi, aendelee kunywa maji, asibebe magunia. La magunia lilimuudhi.

Alhamisi, Itigi hadi Mungaa

Siku ya magari. Itigi hadi Manyoni kwa noah iliyojaa kuku, Manyoni hadi Ikungi kwa basi la Singida, na kuanzia hapo vumbi. Mandhari yanageuka: vichaka vinabaki nyuma, yanaanza mawe makubwa ya Singida yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga akaghairi. Alizeti imeshavunwa, magunia yamejaa vibarazani yakisubiri bei. Kila kijiji kina mashine ya kukamua, na mashudu yake unayanusa kabla hujaiona.

Tulilala kwa binamu zangu. Kuku wawili, ugali wa uwele na mlenda. Mjomba hakubeba gunia ila alibeba ndoo mbili za maji kabla hatujamwona.

Ijumaa, Makiungu

Hospitali ya Makiungu iko kwao hasa, na kwa familia yetu ndipo hadithi inapokatika vipande viwili. Mjomba alizaliwa nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya 50, mikononi mwa bibi mmoja wa jirani. Kati yake na mama yangu walizaliwa wawili ambao hawakuishi, na kwa mmoja wao bibi yangu nusura aende naye. Mimba iliyofuata babu alimpandisha kwenye punda akampeleka kwa masista, na mama yangu akazaliwa Makiungu. Nimeisikia tangu utoto, ila leo ndiyo mara ya kwanza kuitembea njia yenyewe kwa miguu, na mjomba akinionyesha pale ambapo punda aligoma.

Waliomzalisha bibi walikuwa masista wa Kiairishi. Shirika lao ni Wamisionari wa Tiba wa Maria, ambao kila mtu huku anawaita MMM, kifupi cha jina lao la Kiingereza, Medical Missionaries of Mary, na walifika Makiungu katika miaka hiyo hiyo ya 50. Kuna jambo juu yao ambalo hata Wakatoliki wengi hawalijui. Kwa muda mrefu Kanisa liliwazuia masista kufanya kazi ya ukunga. Sista aliweza kufunga kidonda, kumlisha mgonjwa, kumfumba macho maiti, ila kumpokea mtoto ilionekana haiendani na nadhiri ya usafi wa moyo. Kwa nchi za misheni matokeo yake yalikuwa mabaya sana: mahali ambapo mwanamke hakuweza kushikwa na mganga wa kiume, na mwanamke msomi pekee aliyekuwepo ni sista, basi aliachwa. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ilitoa maelekezo yaliyobadilisha hilo, ikawaruhusu masista wa misheni kusomea udaktari na ukunga, na kuwahimiza.

Mary Martin wa Ayalandi alikuwa anaisubiri ruhusa hiyo kwa miaka. Aliwahi kuwahudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza kule Malta na Ufaransa, kisha akafanya kazi Naijeria akaona akina mama wanavyokufa. Tarehe 4 Aprili 1937 aliweka nadhiri zake Port Harcourt akiwa amelazwa hospitalini, mgonjwa, na shirika la MMM likaanza hivyo, mwanzilishi yuko kitandani. Haijapita hata miaka 25, wenzake wanamshusha bibi yangu kutoka kwenye punda. Nikimweleza mjomba haya njiani alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo Papa angechelewa, wewe usingekuwepo?" Nikamwambia ndivyo hesabu inavyokwenda. Akasema basi siku hiyo ya Februari niwe naichinjia kuku.

Hospitali tuliikuta na shughuli zake za Ijumaa. Kliniki ya watoto, akina mama wamebeba vichanga ndani ya makoti, mizani ya kuning'iniza, kilio. Mtoto mmoja mnene alikataa katakata kuingizwa miguu kwenye ile suruali ya mzani. Akajikunja kama chura, muuguzi akamvuta mguu mmoja, ukatoka mwingine. Mama yake alikuwa anacheka hadi akakaa chini. Kilo zake zikaandikwa kwenye kadi, mstari ukapanda, mama akaitazama kadi hiyo kama cheti cha darasa la saba.

Mjomba alikutana na mzee waliyechunga naye mbuzi, wakaanza kukumbushana huduma ya mkoba ya enzi hizo. Lendirova ya masista ilikuwa na siku yake kwa kila kijiji, chini ya mti unaojulikana. Mzani ulifungwa kwenye tawi, meza ikawekwa pembeni, sindano zikachemshwa. Wanaume walikaa mbali wakijifanya wana shughuli nyingine. Mzee yule anasema sista mmoja aliongea Kinyaturu kiasi cha kugombana na watu sokoni, na hiyo ndiyo sababu akina mama walimwamini. Bibi mwingine aliyekuwa karibu akamkatiza: walimwamini kwa sababu alirudi. Wiki hii alikuja, wiki ile akaja, mvua ikanyesha akaja amechafuka tope hadi magotini. Wengine walikuwa wanakuja mara moja, wanapiga picha, hawaonekani tena.

Singida ilifanywa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1972, na taratibu nguo nyeupe zikaanza kuvaliwa na watu wa hapa. Muuguzi niliyeongea naye wodini ni wa Mungaa, mama yake alijifungulia humu, na yeye mwenyewe alijifungulia humu akiwa zamu. Nilimuuliza kama anajiona mmisionari. Akaniangalia kwa mshangao, akasema yeye ni mtumishi, ana mkopo benki, ana shamba la alizeti. Kisha akainuka kwa sababu kengele ililia kitanda cha mwisho, na sikumwona tena mpaka tunaondoka.

Mjomba alitaka kuona kaburi la bibi, ambalo liko upande mwingine, tukaenda. Ziara fupi. Jua lilikuwa kali.

Jumamosi, Mungaa hadi Dodoma

Mjomba amebaki. Anasema atakaa hadi msimu wa kulima, kisha anasema wiki mbili, inategemea nani anamsikiliza. Mkoba wa ngozi amebaki nao, ila amenikabidhi picha ya tarehe ya kliniki, niitunze kwenye simu. Mimi nikapanda gari la Singida, nikabadilisha, nikafika stendi ya Nanenane, Dodoma, wakati wa magharibi, nikakuta ujumbe wa kamati ya harusi ya mtoto wa dada: ahadi yangu haijakamilika. Nimewajibu kwamba nitakamilisha, na kwamba kwenye kikao kijacho nina hoja ya kuongeza kwenye bajeti, chini ya keki na juu ya wapiga tarumbeta. Mwenyekiti amejibu kwa kikaragosi kinachocheka. Mweka hazina, ambaye alijifungulia Itigi watoto wawili, ameuliza tu: asilimia ngapi?

Kwa wanaoniuliza namna ya kwenda: mabasi ya Dodoma kwenda Tabora yanayopitia Manyoni yanakushusha Itigi, toka asubuhi ili uwahi kupata chumba. Nenda na vyeti vyote vya nyuma, hata kile unachoona hakina maana, kwa sababu hicho ndicho daktari atakachokiuliza. Beba sweta kati ya Juni na Agosti. Ndugu wa mgonjwa abebe sufuria, sahani na ndoo. Na kama unampeleka mzee wa tezi dume kupiga ultrasaundi, usimpe maji yote mpaka ujue wako wangapi mbele yake.